Moto wa Maharagwe

Jumamosi, 4 Agosti 2001

Jambo hili sijamwambia mtu. Gitaa la Papa liko chini ya kitanda cha Maman, ndani ya gunia la unga wa muhogo.

Lilirudi mwaka juzi. Lililetwa na mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge. Alilikuta sokoni Uvira, akatambua jina la Papa lililochongwa mgongoni kwa kisu, akalinunua. Mimi nilikuwa na malaria, niko nyuma ya pazia. Maman alidhani nimelala. Sikulala. Nilimsikia yule mama akisema, "Ni gitaa tu, Maman Conso. Mwenyewe sikumuona." Maman hakulia. Alimpa chai. Halafu akalisukuma gunia chini ya kitanda kwa mguu, kama viatu vya zamani.

Papa asingeliuza gitaa lile hata kwa njaa. Kwa hiyo amekufa. Hivyo ndivyo ninavyoamini. Sasa nimeliandika.

Leo: kufua, kupiga deki, bombani mara mbili. Mchana ugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Maman kaweka sahani ya Papa mezani, kaifunika, kama kila siku. Jioni nikala mimi chakula chake. Lazima mtu akile.

Vumbi kila mahali. Naandika Kiswahili kwa sababu nikiandika Kifaransa naanza kumwandikia mwalimu.

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya misa vijana wa kwaya wameniimbia tena. "Consolata, umekula nini? Mdomo wako mwekundu, umekula nini?"

Papa alitunga wimbo huo tukiwa bado Bukavu, kabla familia haijarudi Rwanda. Nilikuwa sijajua kutembea vizuri. Nilikuwa nakula udongo wa ukuta. Wimbo wote ni huo tu, mtoto kala ukuta. Kwenye kasete Maman ndiye anaitikia: "Kala ukuta, kala nyumba yetu." Watu wanaucheza kwenye harusi pande zote mbili za mto Ruzizi. Nina miaka kumi na sita na watu nisiowajua wananiuliza barabarani nimekula nini.

Najua wanatupenda. Nachukia hata hivyo.

Jumanne, 7 Agosti

Wamekuja watu wawili na gari kutoka Kigali. Mrefu anaitwa Faustin, anasema redioni na kuandika gazetini. Mfupi ni mpiga picha. Haongei, anatafuna karanga. Wanatengeneza kipindi: miaka mitatu tangu Papa aende Uvira, Kongo, kupiga gitaa kwenye harusi, vita ikaanza, njia ikafungwa nyuma yake.

Maman akawapa Fanta. Mgeni ni mgeni. Akawapa na lile jibu analompa kila mtu.

"Bwana yangu iko mu safari."

"Safari ya miaka mitatu, Maman?"

"Njia ni mbaya."

Nilibana midomo nisicheke. Ndipo Faustin akanigeukia na mashine yake ya kurekodi. "Na huyu mrembo ndiye alikula ukuta?"

Nikatoka. Nikakaa nyuma ya choo mpaka gari lilipoondoka. Siafu walinipanda miguuni na sikusogea.

Alhamisi, 9 Agosti

Kipindi kimepita redioni. Sauti ya Faustin ni tamu, inakufanya utake kumwamini. Mwishoni akawaomba wasikilizaji wapige simu: nani amemwona?

Wengi wamemwona. Mmoja kamwona Kisangani na mke mpya. Mwingine kamwona Zambia, ni mchungaji siku hizi, kaacha muziki. Mwingine kamzika kwa mikono yake mwenyewe huko Fizi, chini ya mchikichi.

Maman alikuwa anapiga pasi. Papa alipozikwa Fizi, Maman aliendelea na pasi. Papa alipooa Kisangani, aliunguza kola.

Wimbo ukapigwa. Nikazima redio, Maman akaiwasha tena. Anataka kusikia nini?

Ijumaa, 10 Agosti

Bombani wamenyamaza nilipofika. Halafu wakanipisha foleni. Sitaki kupishwa. Nataka kutukanwa kama wengine.

Jumapili, 12 Agosti

Wale wa redio bado wapo. Wamechukua chumba kwenye hoteli hapa Kamembe. Wanawanunulia watu brosheti za nyama na bia, nao watu wanawasimulia. Jirani yetu Mama Jeannette amewapa foto ya harusi ya wazazi wangu. Maman ndiye alimpa foto ile, zawadi. Mama Jeannette amekuja kuomba msamaha akilia: "Walisema wanaiangalia tu!" Maman akamwambia si kitu. Ni kitu.

Faustin amekwenda hata parokiani. Ameuliza kama familia yetu imewahi kuomba misa ya marehemu kwa jina la Papa. Hatujaomba. Ameandika.

Mpiga picha alikuwa kanisani, benchi la mbele, mgongo kwa altare. Nilikwenda kukomunika nikiwa nimefunika uso kwa kitambaa. Nilimwomba Mungu afungue ardhi. Simlaumu, pale ni sakafu ya saruji.

Jino la Maman limeanza tena. Shavu limevimba.

Jumanne, 14 Agosti

Koko amefika. Ni mama wa Papa, anaishi Mibirizi, mlimani. Katelemka kwa mguu na maharagwe kichwani kwa ajili ya sikukuu ya kesho ya Bikira Maria. Nyumba imejaa harufu ya moshi na siagi. Nimefurahi. Naandika kwamba nimefurahi kwa sababu siandiki hivyo mara nyingi.

Maman akamwonyesha mbabula ya makaa, ndani, jikoni. Koko akaicheka.

"Maharagwe ya mlimani hayaivi mu hii sahani. Maharagwe itatukasirikia."

Akatoka uani, akapanga mafiga matatu, akawasha kuni.

Niliona Maman akisita. Tangu Papa aondoke hajawahi kuwasha moto uani. Kwetu nyumba ikifiwa moto unawashwa nje, watu wanauzunguka mchana na usiku mpaka kilio kiishe. Maman hataki mpita njia akosee. Ndiyo maana tunapika ndani miaka mitatu na ukuta umekuwa mweusi na mimi nakohoa. Ila leo jino lilimshinda. Na Koko ni mkwe, utamwambia nini? Akatoka akaketi kwenye kigoda karibu na joto, kashika shavu. Koko upande wa pili, kajifunga kitenge kichwani. Wakaongea mambo ya mbuzi.

Miti ya miyenzi ya uzio ikatikisika. Nilidhani ni mbuzi wa Mama Jeannette.

Maharagwe yalikuwa matamu sana.

Alhamisi, 16 Agosti

Jino limeng'olewa. Maman anaongea kama mtoto. Koko anataka kukaa mpaka Jumapili. Faustin hajaonekana siku mbili na gari halipo. Labda wamerudi Kigali. Labda basi.

Ijumaa, 17 Agosti

Gazeti limekuja na basi. Limenunuliwa lote kabla halijafika kwetu.

Ukurasa wa kwanza. Moto. Koko na kitenge kichwani. Maman ameshika tama, macho mekundu ya moshi. Nyuma, mlangoni, ni mimi na sufuria, mdomo wazi. Juu wameandika kwamba familia hatimaye imewasha moto wa kilio. Chini Faustin ameandika kwamba nyota imezimika na wajane wawili wanaomboleza kimya. Wajane wawili! Koko ni mama yake!

Redio imesoma yote mchana.

Kabla nguo hazijakauka kwenye kamba, mtu wa kwanza akaingia uani na mzigo wa kuni.

Jumamosi, 18 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Kuni. Zimejaa mpaka kwenye dirisha langu. Kuni za kilio hazikataliwi wala hazirudishwi, anayerudi nazo anarudi na msiba nyumbani kwake. Kwa hiyo kila aliyekuja alitua mzigo na ukabaki. Pombe ya mtama. Mabenchi ya shule. Kwaya. Wanawake wa soko, wanaume wa bandari, walimu. Wanamuziki wa Papa wamevuka daraja kutoka Bukavu na ngoma zao, wamevaa suti, wanalia kweli. Mmoja alinikumbatia na kuniita mtoto wake, akaacha machozi na pua kwenye bega langu.

Maman alisimama mlangoni. "Hapana kilio hapa! Muende! Ni jino! Ni jino yangu!" Akafungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole kuwaonyesha pengo. Damu bado ilikuwepo.

Mpiga picha akapiga.

Watu wakazidi kulia. Walidhani uchungu umempanda kichwani. "Pole, Maman Conso, pole, lia tu." Mtu atajitetea vipi? Akikasirika ni uchungu. Akinyamaza ni uchungu. Akicheka wangemfunga kamba.

Ndipo Koko akaketi chini, kwenye udongo, kando ya kuni, akaanza kulia. Si kwa ajili ya gazeti. Nilimwangalia usoni. Alikuwa anangoja mtu ampe ruhusa, na ruhusa ikaja na basi la Kigali.

Maman akamshika mkono amwinue. Akamwambia kwa sauti ndogo, mimi nilikuwa karibu, "Mama, unamuua mutoto yako."

"Nani anamuua? Mi nachoka kumuzaa kila asubuhi."

Faustin alikuwa kando na mashine yake juu, kama mtu anayekinga mvua.

Jumapili, 19 Agosti

Koko amerudi Mibirizi bila kula. Hakumuaga Maman. Kwangu kanipa mkono mbele ya watu, kama mgeni.

Watu wamepungua. Kuni zipo. Maman hapiki. Tunakula mikate.

Sahani ya Papa leo iliwekwa tupu.

Jumatatu, 20 Agosti

Faustin alikuja bombani. Peke yake, bila karanga na mwenzake. Akapanga foleni na chupa tupu kama mtu mwenye kiu. Alinisalimu vizuri. Hakuniita mrembo.

Akasema, "Consolata, watu wote wameongea. Mama, bibi, majirani, hata mimi. Wewe hakuna aliyekuuliza. Wewe unafikiri nini?"

Ni kweli. Hakuna aliyeniuliza. Miaka mitatu, nyumba ya watu wawili, hakuna aliyeniuliza.

Ilikuja mpaka kwenye meno. Gitaa, gunia, malaria, yote. Nilitaka kumwambia yeye, yeye huyu, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri na alikuwa amengoja. Sitaki kujidanganya hapa. Nilitaka sana. Nilifungua mdomo.

Kwenye mkoba wake kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Inawaka.

Nikasema, "Bidoni yangu imejaa." Haikuwa imejaa. Nikajitwika nusu bidoni, maji yakawa yanacheza kichwani njia nzima, mgongo ukalowa.

Nyumbani Maman alikuwa ameketi sakafuni, anachambua maharagwe yaliyobaki ya Koko. Sikutua hata maji vizuri. Nikasema palepale, kwa sababu neno lilikuwa limeshafika mdomoni na lilihitaji kutoka kwa mtu.

"Maman. Mimi nafikiri Papa amekufa. Niliona gitaa."

Akatoa jiwe kwenye maharagwe. Akatoa lingine. Akauliza,

"Umemwambia nani?"

Hicho ndicho alichouliza kwanza.

"Hakuna."

"Ule wa redio?"

"Hapana, Maman."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaendelea kuchambua. Mimi nikasimama pale, maji yananidondoka. Nilitaka anipige. Nilitaka anikumbatie. Akasema tu, "Badilisha nguo, utakohoa."

Jumanne, 21 Agosti

Namsikia Maman chumbani anahamisha vitu. Nje gari lao limesimama mbele ya lango, vioo chini, redio yao inapiga wimbo wangu. Nimekata kucha zote kwa meno.

Jumatano, 22 Agosti

Asubuhi Maman kaniamsha. "Vaa. Chukua kapu." Kaweka nyanya juu, nguo chini. Kajifunga kama wanawake wa soko na mimi kanifunga hivyo hivyo. Mama Jeannette alikuwa ametoa mti mmoja kwenye uzio upande wake. Hakuuliza kitu. Tukapita kwake, katikati ya migomba, tukaingia barabarani na wanawake wengine wenye makapu. Tulipita mbele ya lile gari. Mpiga picha aliangalia nyanya zetu, akauliza bei kwa kichwa. Maman akamwambia zimeshanunuliwa.

Kwenye njia ya mlimani, ya kwenda kwa Koko, Maman akaanza kucheka. Akacheka, akakaa kwenye jiwe, akala nyanya moja. Halafu uso ukabadilika na akasema, bila kuniangalia, "Nilijua ile siku hukulala. Nilitaka tu wewe uwe na muntu wa kungojea. Miye nilikuwa nakuangalia wewe unangoja, nikasema basi, tungoje."

Mimi nilikuwa nangoja kwa ajili yake! Sikusema. Pumzi ilikuwa ya kupanda tu.

Koko alikuwa mlangoni. Maman akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, kapu bado mkononi. Koko akamwinua, akamwambia, "Umechelewa, maharagwe imepoa." Basi. Ndivyo walivyopatana.

Ijumaa, 24 Agosti

Moto umewashwa. Uani kwa Koko, moto mdogo. Watu wa mlimani wamekuja, kila mmoja na kijiti kimoja au viwili, maana kuni zenyewe ni haba. Hakuna kwaya. Hakuna benchi, tunakaa kwenye majani ya migomba. Hakuna anayelima, mlima mzima umeweka majembe chini, na ndio wakati wa kutayarisha mashamba. Hawajaniambia kwamba ni kwa ajili yetu. Niliona tu mashamba hayana watu.

Maman amelia. Sauti yake nilikuwa naijua: ile ya kasete, ile ya kunigombeza. Hii nyingine sikuijua na iliniogopesha. Alimwita Papa kwa jina lake la ubatizo, Déogratias, lote, kama mwalimu anavyoita. Alimtukana pia. Kwamba aliambiwa asiende. Kwamba harusi yenyewe ilikuwa ya watu wabahili.

Nilidhani nitalia sana. Nimelia kidogo, halafu nikasikia njaa. Nimeona aibu. Koko kanipa kiazi.

Jumamosi, 25 Agosti

Mpiga picha kafika mpaka chini ya mlima! Kwa mguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Aliuliza watoto nyumba ya mama wa mwanamuziki. Wakampokea kwa heshima, wakambebea mkoba, wakamwonyesha njia inayotelemka hadi Nyakabuye, upande mwingine kabisa. Aliwagawia karanga. Wamekuja kutusimulia mdomo umejaa. Wanaume kwenye moto walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Maman pia.

Nimewaza: amebaki na njia ya kutwa nzima kuteremka, na usiku hatapata gari la kurudi. Sikumhurumia. Baadaye kidogo nikamhurumia.

Jumatano, 29 Agosti

Kilio kimekwisha. Asubuhi tumeoga wote mtoni, nguo na vichwa, kisha tukaenda shambani kwa Koko kushika jembe tena, kama inavyotakiwa. Kila mtu apige mara chache tu, ndipo mlima mzima uruhusiwe kulima. Maman alizaliwa Bukavu mjini, hajui. Alishika jembe karibu na chuma.

Koko akasema, "Angalieni batu ya Bukavu. Banalima kama banakoroga bugali."

"Mama, hii bugali yako iko na mawe."

"Chambua!"

Walicheka wakiwa wameshikana mabega. Mimi nilipiga jembe langu, udongo ukaruka ukaniingia mdomoni, nikautema haraka kabla mtu hajaona.

Sasa ni alasiri. Nasikia majembe pande zote za mlima, moja hapa, moja kule. Koko hana redio. Kesho tunarudi Kamembe. Gari litakuwepo au halitakuwepo. Nimemuuliza Maman tutawaambia nini. Kasema, "Tulikuja kulima."

Nimeketi chumba cha nyuma, mgongo ukutani. Kichwa kimetulia. Nataka kuandika jambo moja zaidi kuhusu Papa, dogo, lisilo na wimbo. Alikuwa anakoroma

Hatua. Zinakuja mlangoni. Ni Maman, najua ndala zake, na hajawahi kusoma kitu changu.

Naiingiza karatasi hii chini ya mkeka.